Chombo cha Jirani

Je, Mkristo wa Musoma au Bunda aweza kumhubiria jirani Mwislamu pasipo kwanza kujifunza Uislamu? Jibu tulitafute Butiama. Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa 1943, alizitungia Injili tenzi, zikachapishwa 1996: ubeti wa mishororo minne, mshororo wa mizani nane. Chombo hicho kililelewa na washairi Waislamu wa pwani. Utenzi wa Tambuka ulikuwapo Pate tangu 1728. Hata imani, dhambi, malaika na sala ni maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu.

Kujifunza si kusilimu: Mwalimu alifariki 1999 akiwa Mkatoliki. Lakini mwenye kupakua chakula katika sahani ya jirani, kisha akampa kisogo, amegawa chakula tu, hajakaribisha mtu.