Msingoje Mpaka Wasahau

Ndugu zangu, msiwakasirikie majaji! Agosti 2023, majaji wa rufaa wa Umoja wa Mataifa kule The Hague waliamuru kesi ya Félicien Kabuga isimamishwe bila kikomo. Mzee huyo alishtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, na kwa uchochezi wa redio RTLM. Madaktari walimkuta na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ule usiopona. Wapo waliolia. Wapo waliotukana.

Nami nasema majaji walitenda haki. Tazameni kizimbani! Shahidi anasema, "Siku ile nilikuona Gisenyi." Mwenye akili timamu atamnong'oneza wakili wake: huyu mwongo, muulize nilikuja na gari gani. Asiyejua hata leo ni siku gani atanong'ona nini? Hiyo si kesi, ni maigizo, hata kama aliyeshtakiwa ndiye tunayemchukia kuliko wote. Majaji wa awali walitaka ushahidi uendelee kusikilizwa pasipo kumtia mtu hatiani. Wa rufaa wakakataa, maana sheria haikuwapa ruhusa hiyo. Wala swali halikuwa alikuwa na akili gani 1994. Swali lilikuwa: leo anaweza kujitetea?

Hasira yenu ielekezeni panapostahili! Alishtakiwa 1997. Marekani ikaahidi zawadi ya hadi dola milioni 5 kwa atakayesaidia akamatwe, picha yake ikasambazwa hata Kenya. Akaja kukamatwa Mei 2020, Asnières-sur-Seine, karibu na Paris, akiishi kwa jina la bandia. Miaka 23! Mzee hajifichi peke yake miaka yote hiyo. Wapo waliojua, wakampikia, wakamnunulia dawa, wakanyamaza. Hao ndio waliowanyima wajane siku yao mahakamani, si daktari aliyeandika alichokiona.

Mhubiri wa Biblia alikwisha kuliona hili: hukumu ikikawia, watu hupata ujasiri wa kutenda maovu. Rwanda bado inawasaka wengi, nao wanazeeka. Na mashahidi, je? (Hili hatulisemi sana.) Mama aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1994 sasa amevuka 70.

Amkeni! Wewe unayemjua mmoja wa hao wanaosakwa kwa jina lake la zamani, unayekula naye sikukuu na kumwita baba mkubwa, Jumatatu nenda polisi. Nawe mama uliyeona kwa macho yako, keti na mwanasheria wiki hii, maneno yako yaandikwe, utie saini, maadamu majina ya wauaji bado unayakumbuka.