Mikono ya Musa Ilipokuwa Mizito

Somo: Kutoka 17, mstari wa 8 hata 13



Katika sura hii twapata habari za vita vya Israeli na Waamaleki kule Refidimu. Yoshua yuko bondeni na watu wa vita, naye Musa amepanda kilimani na fimbo yake. Alipouinua mkono, watu wake walishinda. Alipoushusha, adui walishinda. Hata mwisho mikono ya Musa ikawa mizito. Neno hili wasomaji wengi hulipita upesi, maana wana haraka ya kufika kwenye ushindi. Leo nataka tukae nalo kidogo. Huyu ndiye Musa aliyesimama mbele ya Farao, akanyosha mkono wake juu ya bahari. Lakini siku ile mkono ule ule ulichoka kama mkono wa mtu ye yote aliyeshika jembe tangu alfajiri. Mungu hakumkemea kwa kuchoka kwake. Wala hatusomi ya kuwa imani yake ilipungua.

Haruni na Huri walifanya nini? Walileta jiwe, wakamketisha Musa juu yake. Ndipo wakaitegemeza mikono yake, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa. Angalieni utaratibu wao: kwanza jiwe, kisha mikono. Hawakuanza kwa kumpa maneno. Sisi mara nyingi huanza kwa maneno, na jiwe hatulileti kamwe.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya dada na mama zetu wanaougua saratani ya titi, ambayo wengine huiita kansa. Najua wako watakaoona haya kulisoma jambo hili katika gazeti la kanisa. Lakini nabii Isaya hakuona haya. Alipotaka kueleza faraja ya Mungu kwa Yerusalemu alitaja mtoto anyonyaye akashiba. Na haya yetu imewazika watu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na ugonjwa huu, na wapatao 670,000 walikufa kwa huo. Katika Tanzania yetu ndiyo saratani ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi. Na taarifa iliyotolewa mwaka 2017 ilionyesha ya kuwa wagonjwa kama 8 katika 10 hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kukomaa au kuenea. Wala si wa wanawake peke yao: katika kila wagonjwa 100, mmoja hivi ni mwanamume, naye huchelewa kuliko wote, kwa kuwa hakudhani ungeweza kumpata.

Kwa nini twachelewa? Sababu ya kwanza ni kwamba uvimbe huu mara nyingi hauumi mwanzoni. Jipu huuma, nasi tunalikimbilia. Uvimbe huu umekaa kimya kama kokoto chini ya ngozi, nasi twauacha. Basi walimu, wafundisheni watu dalili zake waziwazi: uvimbe mgumu katika titi au kwapani, ngozi iliyobonyea, au iliyofanya vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani, au inayotoa damu. Si kila uvimbe ni saratani, na wengi walioonyeshwa wamerudi nyumbani kwa furaha. Lakini mwenye kujua ni tabibu, akiisha kuchukua kipande kidogo kwa sindano na kukipima. Wako wasemao ya kuwa sindano au kisu hueneza ugonjwa. Sivyo. Mara nyingi mgonjwa huyo alipelekwa kwenye kisu akiwa amekwisha kuchelewa mwaka mzima, akizungushwa kwa waganga na kuulizwa ni nani aliyemroga. Alipokufa, watu wakalaumu kisu, wala hawakuulaumu mwaka ule.

Sababu ya pili ni njia. Sisi wa Mpui twaijua. Mgonjwa huanza zahanati, huenda Sumbawanga, na kutoka huko huandikiwa hospitali ya kanda kule Mbeya. Basi hupita Laela na Tunduma, na kutoka Sumbawanga hata Mbeya ni kilomita zaidi ya 300. Wengine wamepelekwa mbele zaidi, hata Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Ocean Road, ile iliyojengwa na Wadachi na kufunguliwa mwaka 1897, ambayo tangu mwaka 1996 ni taasisi ya saratani ya nchi nzima. Safari hiyo ni ya zaidi ya kilomita 1,000. Mama wa Ufipa aliyeacha ulezi wake shambani na watoto kwa jirani hufika katika mji wa joto asiomjua mtu, naye ameambiwa ya kuwa mionzi huchomwa siku tano katika juma, kwa majuma kadhaa. Nauli moja haitoshi. Hapo ndipo jiwe linapotakiwa.

Sasa niseme habari za kukatwa. Mwaka 1811 mwandishi mmoja Mwingereza, Fanny Burney, alikatwa titi mjini Paris, siku ambazo dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumiwa na waganga. Alipewa kinywaji cha mvinyo tu, akafunikwa kitambaa usoni, akasikia kila pito la kisu. Baadaye alimwandikia dada yake habari zake, naye alichukua miezi kumaliza barua ile, maana hata kukumbuka kulimwumiza. Aliishi hata mwaka 1840. Nimetaja habari hizi kwa mambo mawili. Leo mgonjwa hulazwa usingizi, wala hasikii kisu. Hofu ile ya kale hatuna haja nayo tena. Lakini lile la pili halikubadilika: jeraha la mwili lilipona kabla ya jeraha la ndani. Mtu aweza kutolewa nyuzi, na bado asiweze kusema neno.

Naye arudipo nyumbani huwa na mkono mzito. Haya si mfano tena, ni mkono wenyewe. Mara nyingi tabibu akatapo titi huondoa pia tezi za kwapani, na bega hukaza, na mkono wa upande ule waweza kuvimba, pengine hata baada ya miaka. Katika siku za kwanza yuko na mpira unaotoa maji ya jeraha, wala hana ruhusa ya kuinua kitu kizito. Kisha hufundishwa kuunyosha mkono pole pole, kama kuupandisha ukutani kwa vidole, leo shibiri moja, kesho zaidi kidogo. Asiuache ulale tu, wala asiukimbize. Ajihadhari usikatwe wala kuungua, na ukivimba ghafula na kuwa mwekundu, aende hospitali.

Je, mkono huo wa mwanamke wa Kifipa una kazi gani? Kuteka maji, kutwanga, kuchanja kuni, kupalilia, na kufanya zile ntumba zetu, kufukia majani ndani ya matuta kwa jembe zito siku baada ya siku. Basi mwambieni mwanamke huyu, "Usiinue kitu kizito," na kisha mwondoke mwende zenu: mmemwambia nini? Mmemwambia asiishi.

Mama mmoja wa upande wetu ameniruhusu niseme habari zake pasipo jina. Aliporudi kutoka hospitali, mume wake alichukua baiskeli na madumu, akaenda kisimani mwenyewe asubuhi na jioni. Vijana walimcheka. Nilimkuta njiani, nikamwambia, "Mzee, naona wanakucheka." Akajibu, "Wacheke tu, Baba Mchungaji. Maji hayajui kama aliyeyateka ni mume au mke." Akapanda baiskeli yake akaenda. Sijasikia mahubiri juu ya ndoa yaliyonipita moyoni kama yale.

Lakini mke wake aliniambia jambo jingine. Wageni wengi walimjia majuma yale ya kwanza, wakaingia wakilia kama katika matanga, hata ikawa yeye mgonjwa ndiye anayewanyamazisha. Wengine walitazama kifua chake walipokuwa wakisema habari za mvua. Aliyemsaidia ni mjane mmoja, ambaye hakusema mengi: alikuja siku tatu katika juma, akamwosha nywele, akamfumia kwa uzi laini kitu cha kuweka ndani ya nguo ili iketi sawa. Nywele zilipoanguka kwa sababu ya dawa ya mishipani, mjane yule alimfunga kilemba na kumwambia ya kuwa zitaota. Nazo ziliota.

Kazi ya namna hii ina historia yake. Mwaka 1952 huko New York, mwanamke aitwaye Terese Lasser alikatwa titi, asipate mtu wa kumweleza jinsi ya kuunyosha mkono wake wala jinsi ya kuvaa nguo yake. Alipopona akaanza kuwatembelea wanawake wengine vitandani mwao, akiwaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Matabibu wengine hawakupendezwa. Yeye akaendelea, na kazi yake ikaenea nchi nyingi. Karibu nasi, mjini Kampala, wanawake waliopita njia hii wameunda chama chao cha kusaidiana, UWOCASO. Mtu aliyekwisha kuvuka mto ndiye ajuaye mahali penye mawe. Basi katika usharika akiwapo mama aliyepona, akikubali, mwalimu na amkutanishe na yule anayeanza. Asimlazimishe.

Mama yule hakuja mezani pa Bwana miezi mingi. Nilipomwuliza sababu, alisema ya kuwa mwili wake si kamili tena, na sadaka yenye kilema haikukubaliwa katika Agano la Kale. Tazameni jinsi mtu aijuavyo Biblia awezavyo kujifungia mlango kwa Biblia! Nikamwuliza, "Mama, Bwana alipofufuka, Tomaso alimjuaje?" Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa makovu." Bwana wetu alishinda mauti, naye aliweza kuuvaa mwili usio na alama yo yote, lakini aliyachukua makovu yake pamoja naye, mikononi na ubavuni. Hakuyaficha kwa rafiki zake. Mwili uliopigwa kisu kwa ajili ya uzima haukutiwa najisi. Jumapili iliyofuata alikuja, akapiga magoti, mkono mmoja akiushikilia na mwingine.

Lazima niseme pia juu ya wale wahubiri wanaomwambia mgonjwa atupe vidonge ili aonyeshe imani. Mfalme Hezekia alipougua na kulia mbele za Mungu, Mungu alimsikia, na Isaya yule yule aliyeleta ahadi aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ombi na dawa vilikuwa katika nyumba moja, siku moja. Anayevitenga amejifanya mwenye hekima kuliko nabii. Tena mhubiri huyo hayupo kitanda kinaponuka jeraha. Huwa amekwisha kwenda mji mwingine.

Wala nisiwadanganye ninyi wasomaji. Wengine hutibiwa vema, tukawaombea, tukawategemeza, na bado hufa. Musa naye hakuingia Kanaani. Hatumshiki mtu mkono kwa sharti la kwamba apone. Kwa huyo pia kuna jiwe: dawa ya maumivu, ambayo ni haki yake kuiomba hospitali, mtu wa kumgeuza kitandani usiku, na mchungaji asiyekimbia macho yake.

Maandiko yasema ya kuwa walimshika hata jua likachwa. Jua la ugonjwa huu huchelewa kuchwa. Dawa ya mishipani hutolewa mara nyingi kila baada ya majuma matatu, kwa miezi. Na katika miezi hiyo homa si jambo la kungojea kesho, maana nguvu ya damu ya kupigana na magonjwa imepungua: mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, hata usiku. Kisha huja mionzi kwa wengine. Kisha, kwa wengi ambao uvimbe wao hulishwa na homoni, huja kidonge cha tamoksifeni, kimoja kila siku, miaka 5 au zaidi. Mwezi wa kwanza nyumba hujaa unga, kuku na wageni. Mwezi wa sita wamebaki wawili watatu. Mwaka wa tatu watu humwona akitembea sokoni, nao husema, "Alipona yule," wala hakuna aulizaye kama vidonge vimekwisha au kama nauli ya kwenda kupimwa ipo.

Mama niliyemtaja yuko katika mwaka huo wa tatu. Akina mama wa usharika wamepanga zamu ya kwenda naye kliniki, na mtunza hazina huweka nauli ya watu wawili katika bahasha kabla ya mwisho wa mwezi. Mwezi huu zamu ni ya mjane yule. Mume amekwisha kuwauliza basi litapita saa ngapi, ili awafikishe barabarani kwa baiskeli, mmoja kwanza, kisha arudi kumchukua wa pili.