Askari Ana Sanamu, Mpagazi Ana Soko

Wiki iliyopita, Mtaa wa Kongo, nilibishana na kijana aliyenibebea mzigo hadi kituoni. Alitaka buku mbili, nikampa buku na mia tano. Akapokea, akafuta jasho, akarudi sokoni akipiga kelele, "Pisha mzigo!" Nikajiona mjanja. Njiani ndipo nikakumbuka niko wapi: Kariakoo.

Jina hilo lilitoka vitani. Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakajenga mji wao, wakamsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Mwaka 1916 Waingereza wakauteka mji, sanamu ikang'olewa. Miaka 25 tu, ubabe ukaisha. Eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, na midomo ya wenyeji ikalifanya jina kuwa Kariakoo.

Wapagazi hao walibeba chakula na risasi za jeshi porini. Wengi walichukuliwa kwa nguvu. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi.

Mwaka 1927, pale alipokuwa Wissmann, Waingereza wakasimamisha Sanamu ya Askari. Nenda Posta ukaitazame: ni mwanajeshi na bunduki yake. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Mwenye bunduki kapewa mwili wa shaba, mwenye mzigo kapewa maneno.

Je, tuwajengee sanamu yao? Zamani ningesema ndiyo, haraka sana. Siku hizi nasita. Sanamu ingeweza kuwageuza mashujaa wa mfalme ambaye hawakumchagua, na sisi tungepiga picha hapo, tukaondoka tukijihisi tumelipa deni. Mtu ataniambia jina la Kariakoo linatosha, kwani linatajwa kila siku na konda wa kila daladala. Lakini jina tunalolitamka bila kujua limetoka kwa nani ni kumbukumbu ya namna gani?

Nadhani deni lenyewe ni la kawaida zaidi, na ndiyo maana ni gumu kulilipa. Mji wa Wajerumani ulianguka, wa Waingereza ukaanguka, lakini desturi ya kuuhesabu mgongo wa mwenzako kuwa kitu rahisi imebaki. Haikuhitaji gavana. Nimeiendeleza mimi, msomi mzima, kwa shilingi mia tano.