Kudai Kilichokwisha Letwa

Katika Btrfs, mfumo wa kuhifadhi mafaili uliopokewa ndani ya Linux mwaka 2009, baadhi ya funksheni za kugawa nafasi ya diski zilidai vigezo viwili: muamala, na taarifa za mfumo mzima. Kumbe muamala wenyewe umekwisha beba anwani ya taarifa hizo. Waandishi wakafuta kigezo cha pili.

Je, ni usafi wa nyumba tu? Sidhani. Adaiye jambo moja kwa njia mbili hufungua mlango wa majibu mawili yasiyopatana, na mzigo wa kuyapatanisha humwangukia anayedaiwa. Nami niliwahi kumdai mtu cheti, ilhali nakala yake imo jaladani, juu ya meza yangu. Alirudi kijijini kukitafuta. Nauli alilipa yeye.