Mjukuu Wangu, Uachie Mto Ukingo Wake

Mjukuu wangu. Keti hapa kwanza. Simu iweke mfukoni, wanunuzi wa mahindi watapiga tena.

Nimeambiwa umeshusha kinyungu chako, hilo shamba lako la bondeni, mpaka majini. Msimu uliopita uliishia kwenye matete. Safari hii matete umeyafyeka, umeyachoma, umechimba mfereji wa kutoa maji kwenye tope, na mahindi yako yameota pale ambapo mto hulala mvua zikikolea. Yamestawi, sikufichi. Tope la bondeni halijawahi kumnyima mtu. Ndiyo maana nina hofu.

Sikukatazi kulima, mwanangu. Vinyungu vimetulea sisi watu wa nyanda hizi. Ikifika Januari ghala halina kitu, mahindi mabichi ya bondeni ndiyo yanayoivusha nyumba. Asiyeijua Januari ya mkulima asije kukuhubiria mazingira. Lakini wazee wako walilima kwa jembe la mkono, kipande cha kulisha watoto. Wewe una pampu ya petroli, una bomba la dawa mgongoni, una Fuso inayokusubiri barabarani. Walichokikwangua wao kwa mwaka mzima wewe unakimaliza asubuhi moja.

Hebu nikueleze jembe lako linafanya nini huko chini. Ule udongo mweusi wa bondeni hunywa mvua zikinyesha, kisha kiangazi chote huyatoa maji taratibu, kidogo kidogo, mpaka mvua nyingine. Ukiuchimbia mfereji, maji ya miezi unayamwaga kwa wiki chache. Nenda kaangalie vile vinyungu vya zamani ng'ambo ya pili, vilivyoachwa. Zamani pale ukipita Oktoba unavua viatu. Sasa ardhi imepasuka, na juzi mguu wangu uliingia ufa hadi kifundo. Hata magugu ya maana hayaoti. Aliyevilima amehamia bonde jingine, na huko nako ameshika jembe lilelile.

Matete nayo unayaona takataka. Mivengi na mikuyu unaiona inakuzibia jua. Sikiliza: mizizi yake ndiyo inayoushika ukingo usimeguke. Kivuli chake ndicho kinachoyapoza maji. Majani yakidondoka huliwa na wadudu wa majini, wadudu huliwa na samaki, samaki ukamla wewe. Ukifyeka, mvua ya kwanza inateremka na udongo wako na mbolea yako uliyoinunua kwa mkopo. Mawe yanafunikwa na tope, mayai ya samaki yanakosa hewa, na kaa waliokuwa chini ya mawe yale hutawaona tena. Ukitaka kujua mto unaumwa, usimsubiri mtaalamu. Inua jiwe, utazame kilichopo chini yake.

Anayelima majini huvuna mchanga. Maneno haya ni yangu, chukua uyatumie.

Na lile bomba la dawa, mjukuu wangu, nakuomba, usilisuuze mtoni. Nilikuona. Ulilizamisha, ukalitikisa, ukamwaga, povu jeupe likaenda na maji. Mwendo mfupi tu chini yako palikuwa na mtoto anajaza ndoo. Chini zaidi kijito hiki kinaingia Ruaha Mdogo, na mji wa Iringa unayanywa maji ya Ruaha Mdogo. Shangazi yako yuko huko, na uji wa wajukuu anaupikia maji hayohayo.

Kaka yako naye mwambie aje, maana yeye amepanda milingoti kwenye chemchemi. Ananiambia nguzo za umeme zinalipa. Zinalipa, najua. Mlingoti unakua upesi kwa sababu unakunywa sana, na yeye ameupeleka kwenye chemchemi yetu. Aupande mlimani, huko utamlipa vilevile. Chemchemini tunahitaji mivengi, na kama anataka kitu cha kumrudishia shilingi, atundike mizinga ya nyuki.

Sasa habari ya mita 60. Usiniambie ni maneno ya mwenyekiti wa kijiji. Ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, hakuna shughuli ya kudumu. Vijana wenzako wamepata ujanja, wanasema kinyungu ni cha msimu, hakihesabiki. Kifungu kinaendelea, wanangu, someni mpaka mwisho. Kinakataza pia shughuli yoyote ambayo kwa hali yake inaweza kudhuru hifadhi ya ukingo. Mfereji wa kukausha bonde na dawa ya wadudu, nani atakuamini ukisema havidhuru?

Mita 60 zenyewe ni ngapi? Hazifiki goli hadi goli kwenye uwanja wenu wa mpira. Na sheria ndogo ya kijiji mliipitisha wenyewe kwenye mkutano mkuu, mkanyoosha mikono. Wewe ulinyoosha, nilikuwa nimekaa nyuma yako. Halafu usiku mtu akang'oa kigingi cha mpaka. Kung'oa kigingi hakusogezi mto.

Sheria ndogo ni laini, mjukuu wangu. Hilo ndilo ninalotaka likuingie. Hii ya kijiji unaweza kubishana nayo. Unaitwa, unasikilizwa, unapewa muda uvune kwanza. Mto ukishakauka, anayekuja hana muda wa kukusikiliza.

Umesikia habari za Ruaha Mkuu? Mto ule haukuwa unajua kukauka. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanasongamana kwenye vidimbwi vya tope. Huko juu Usangu maji yalikuwa yanaingizwa kwenye mashamba ya mpunga, mifugo imejaa kwenye kinamasi cha Ihefu, na kila mmoja anasema langu ni dogo. Kila mmoja alikuwa anasema kweli. Wakaendelea. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa na ng'ombe wao, wengine wakawaswaga mpaka Lindi, nchi wasiyoijua. Mwaka 2008 mipaka ya hifadhi ikapanuliwa, na kinamasi kile kikawa ndani. Hakuna aliyekaa na mzee wa watu kumuuliza yeye hasa alinywesha ng'ombe wangapi.

Mwaka huohuo wa 2006 bwawa la Mtera lilishuka, nchi nzima ikaingia kwenye mgawo wa umeme. Ukame ulikuwepo, sikatai. Lakini maji ya Mtera yanatoka huku kwetu, na taa zikizimika Dar es Salaam, wakubwa hufungua ramani na kufuata mto kwenda juu. Kiu ya wa chini hupanda mlima. Mwisho wa mlima upo wewe na kinyungu chako.

Na usifikiri ni serikali peke yake. Mto wenyewe huja kudai. Desemba 2011 mto Msimbazi ulifurika kule Dar es Salaam, watu wapatao 40 wakafa, na waliobaki bila makazi wakapelekwa Mabwepande. Walijenga pale bondeni kwa sababu kwa miaka mto ulikuwa umenyamaza. Mto ni mvumilivu, lakini hausahau.

Kwa hiyo nakusihi, rudi nyuma. Nakusihi kama mzee aliyewazika wengi na asiyetaka kukusindikiza ukihamishwa. Vuna hayo mahindi yaliyopo, hakuna atakayeyagusa. Kisha ule mfereji uuzibe, matete yaache yajiotee yenyewe, hayahitaji mbegu. Shamba lako liwe juu ya vigingi, maji yachukue kwa utaratibu wa jumuiya ya watumia maji, kwa zamu, na kibali ukiombe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji. Ofisi yao ipo hapa hapa Iringa. Utapata gunia pungufu mwaka wa kwanza. Hilo sikudanganyi, na njoo uchukue kwangu ukipungukiwa.

Jumamosi usiende mnadani. Njoo mapema na futikamba, mlete na kaka yako, tutapima kuanzia ukingoni mpaka juu. Kile kigingi kipo nyuma ya banda la mbuzi wako, nimekiona, kibebe. Mwenyekiti nimeshaongea naye, hatauliza kilikuwa wapi.