Nyimbo Walizozificha

Wapendwa katika Kristo,

Mwezi huu kwaya ya shule yetu inakwenda safari. Watoto ishirini na wanne na walimu wawili watazuru mitaa minne ya dayosisi, wakiimba na kukusanya sadaka ya kuezekea bweni la wasichana. Bweni lenyewe mnalijua. Wakati wa masika ndoo za kukingia maji humo ndani ni nyingi kuliko vitanda, wala sina haja ya kueleza zaidi.

Lakini liko neno linalonisumbua tangu kikao cha Halmashauri ya Mtaa. Orodha ya nyimbo iliposomwa, vijana waliomba ziondolewe zile tatu za wazee, ambazo babu zetu walirudi nazo kutoka mashamba ya mkonge walikokuwa manamba, na ambazo sisi tunaziimba usiku wa matanga. Walisema kwamba huko mjini watachekwa. Nami niliyekuwa mwenyekiti nikasema, "Vema, ziondolewe." Haikupita hata dakika moja. Tukaendelea na hesabu ya nauli.

Jumapili iliyofuata bibi mmoja alinisubiri mlangoni mwa kanisa. Akaniambia, "Baba Padre, nasikia zile zetu zimefutwa. Si kitu. Ila mimi nilifundishwa kusali kwa hizo, kabla sijajua kusoma." Akachukua mkongojo wake akaenda zake. Usiku ule sikulala vizuri, na katika kukosa usingizi nikakumbuka habari ya kwaya nyingine ya shule, ambayo nataka kuwasimulia.

Katika mji wa Nashville, nchini Marekani, ilifunguliwa shule ya Kikristo iitwayo Fisk mwezi wa Januari 1866, kwa ajili ya watu weusi walioachwa huru kutoka utumwani. Madarasa yake yalikuwa majengo ya mbao yaliyoachwa na hospitali ya askari. Husimuliwa kwamba pingu na vyuma vya soko la watumwa viliuzwa kama chuma chakavu, na kwa fedha ile vikanunuliwa vitabu vya kujifunzia kusoma. Lakini kufika mwaka 1871 mbao zilikuwa zinaoza na deni limezidi. Ndipo mtunza hazina wa shule, George White, akawachukua vijana tisa waliojua kuimba, na tarehe 6 Oktoba 1871 wakaondoka kwenda kuiombea shule msaada. Wengi wao walikuwa wamezaliwa utumwani.

Mpiga kinanda wao alikuwa Ella Sheppard, msichana wa miaka 20. Alitenganishwa na mama yake angali mdogo, na baba yake ndiye aliyemkomboa kwa fedha. Yeye ndiye aliyeandika baadaye jinsi walivyokuwa wakikutana nyumbani kwa White, wakaketi sakafuni kwa kuwa viti vilikuwa vichache, pazia zimeshushwa, wakafundishana kwa sauti ya chini nyimbo za wazazi wao watumwa. Hawakufikiri kabisa kuziimba mbele za watu. Nyimbo zile ziliwakumbusha mambo waliyotaka kuyasahau. Tena zilikuwa takatifu kwao, kwa maana wazazi wao walisali kwa hizo. Basi walipopanda jukwaani waliimba nyimbo za Kizungu, kama walivyofundishwa.

Nanyi msifikiri kwamba ilikuwa ni kiburi cha ujana tu. Siku zile walikuwako Wazungu waliojipaka masizi usoni na kuigiza uimbaji wa watumwa ili watu wacheke, na mchezo huo ulipendwa sana. Vijana wale walijua hayo. Walipotokea mbele ya watu wako waliodhani kwamba wanakuja kuchekeshwa.

Safari ilianza vibaya. Walipata fedha kidogo, na hoteli nyingine ziliwakatalia vyumba kwa sababu ya rangi yao. Siku zilezile za Oktoba mji wa Chicago uliteketea kwa moto, watu wapatao 100,000 wakakosa makao. Vijana walikuwa mji mdogo wa Chillicothe, katika jimbo la Ohio, wana madeni, na baridi inakaribia. Wakaimba, wakapata karibu dola 50, nao wakazitoa zote kwa ajili ya watu wa Chicago. Someni sura ya nane ya Waraka wa Pili kwa Wakorintho, habari za Wamakedonia, mwone kama si jambo lilelile. (Mweka hazina wetu asiogope. Simwambii agawe nauli.)

Mwezi wa Novemba walifika Oberlin, palipokuwa na mkutano mkuu wa Makanisa. Wajumbe walikuwa katikati ya mapumziko, wanazungumza na kuzungukazunguka. Vijana wakaanza kuimba polepole mojawapo ya zile nyimbo za wazazi wao, ambazo watumwa waliimba kwa siri wakiitana kwenda kusali. Mazungumzo yakakoma. Tangu hapo nyimbo zilizokuwa zikifichwa nyuma ya pazia ndizo watu waliozotaka kusikia. White alikuwa amewapa jina la waimbaji wa Yubile, kwa habari ya ule mwaka wa kuachwa huru ulioandikwa katika Walawi 25. Walirudi nyumbani mwaka 1872 na dola 20,000. Mwaka 1873 walikwenda Uingereza, wakaimba hata mbele ya Malkia Victoria. Kwa fedha za safari hizo likajengwa jengo kubwa la shule, lililofunguliwa mwaka 1876, na lingali limesimama.

Mwaka ule wa 1873, walipokuwa wakiimba Uingereza, ndio mwaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa, na siku ya Krismasi likawekwa jiwe la msingi la kanisa letu la Mkunazini mahali palepale. Aliyesimama mbele ya altare ile anajua kwamba Kanisa halikutafuta kiwanja kingine kizuri zaidi. Lilikwenda kujenga pale penye aibu.

Lakini iko Zaburi ya 137 nayo, wala sitaki kuiruka. Mateka wa Babeli walitundika vinubi vyao wakakataa kuimba, kwa sababu waliowateka ndio waliotaka wafurahishwe. Nao walifanya vema. Wimbo wa Bwana si ngoma ya kumchezea mtu aliyekuonea. Kwa hiyo siwalaumu vijana wetu. Wao waliona kwamba wimbo wa matanga ukiimbwa kati ya nyimbo mbili za kurukaruka, mbele ya watu wanaotunza kwa noti, utageuka kichekesho. Hilo mimi mwenyekiti sikulifikiri. Sikuuliza hata neno moja. Kosa langu ni kwamba badala ya kuutafutia wimbo mahali pake niliufuta.

Na jambo moja zaidi. Kazi ile iliwachosha sana wale vijana wa Fisk. Waliimba mwaka baada ya mwaka, afya za baadhi yao zikaharibika, na mwaka 1878 kundi lile likavunjika kwa uchovu. Kwa hiyo nawasihi wenyeji wetu katika mitaa minne: watoto wakiisha kuimba mara mbili kwa siku, wapeni uji wakalale. Msiwaombe wimbo mmoja wa ziada saa nne ya usiku kwa sababu amekuja mgeni fulani.

Basi nimezungumza na vijana wenyewe, nao wamekubali, wengine kwa moyo na wengine kwa heshima tu. Zile tatu zimerudishwa. Hazitaimbwa uwanjani wala wakati wa kutunza. Zitaimbwa kanisani, baada ya Sala ya Jioni, bila kinanda, na kabla ya kuziimba mtoto mmoja ataeleza kwa maneno machache manamba walikuwa nani.

Nimemwomba bibi yule na wenzake wawili waje shuleni Alhamisi saa kumi alasiri kuwafundisha, maana mwalimu wa kwaya anajua beti za kwanza tu. Bibi alifikiri kidogo, kisha akauliza kama watoto watakubali kuketi chini, kwa kuwa yeye hawezi kufundisha watu waliosimama. Nimemwambia wataketi.

Wenu katika Bwana,
Padre wa Mtaa