Sheria ya Dini Katika Dola Isiyokuwa ya Dini

Jamaa wengi wenye asili ya Unguja, Pemba na Mombasa wanaokaa Muscat, Dubai au Doha wana watoto waliokwenda Uingereza kusoma, wakapata kazi huko na hatimaye wakaoa na kuolewa huko huko. Hapa Ghuba, ndoa inayofungwa mbele ya kadhi huwa imefungwa mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya dola kwa mara moja. Huko, mambo hayo ni mawili, na moja linaweza kuwepo bila ya jengine. Ndipo linapozuka suala: je, hukumu za dini zina nafasi gani katika nchi ambayo sheria zake hazikusimama juu ya dini yoyote?

Kwa Muibadhi suala hili lina uzito wa pekee. Wahenga wa madhehebu haya, Al-Muhakkima, walijitenga baada ya vita vya Siffin, mwaka 37 wa Hijra (657), kwa kuwa walikataa watu wawili wapewe madaraka ya kuamua jambo ambalo, kwa rai yao, Mwenyezi Mungu alikwisha kulihukumu. Anayejinasibisha nao anaweza kuuliza: vipi basi Muislamu aridhie mahakama ya London imwambie hukumu ipi ya dini yake aishike na ipi aiache? Hoja hii haifai kubezwa. Lakini wahenga hao hao hawakuwapinga waamuzi wawili wa mume na mke wanaotajwa katika Suratun Nisaa, aya ya 35, mmoja kutoka kwa jamaa wa mume na mmoja kutoka kwa jamaa wa mke. Walijua kupambanua baina ya jambo lililokwisha kuamuliwa na jambo ambalo Mwenyewe Mola ameliacha mikononi mwa watu wasuluhishane.

Tena, hapana madhehebu yaliyojifunza mapema kuliko haya namna ya kuishi na Sheria bila ya kuwa na dola. Wanavyuoni wa Kiibadhi waliigawa hali ya umma katika njia nne: dhuhuri, difaa, shiraa na kitmani. Kitmani ni hali ya kujificha, wakati madaraka yako mikononi mwa wengine. Al-Imam Jabir bin Zaid, mtu wa Oman, aliishi Basra katika hali hiyo chini ya utawala wa Bani Umayya. Baada yake alikuja Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, ambaye mapokezi yanasema alikuwa akiwasomesha wanafunzi kwa siri, nao wakijionyesha kuwa ni wasukaji wa makapu. Katika kitmani, adhabu za hudud husimama, kwa sababu hapana Imamu wa kuzitekeleza. Hazisimami sala, wala ndoa, wala talaka, wala mirathi, wala wajibu wa kutimiza ahadi. Mtu hakuambiwa kwamba dini yake imepungua kwa kuwa gereza na upanga si vyake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa bonde la Mzab, Aljeria. Dola ya Kirustumi ilianguka mwaka 909, na Maibadhi wa Maghribi hawakupata tena Imamu. Karne moja baadaye ukaanzishwa utaratibu wa halaka ya Azzaba, baraza la watu wa elimu na ucha-Mungu linalokaa msikitini na kuangalia mambo ya mji. Baraza hilo halikuwa na askari. Aliyedhulumu akang'ang'ania dhulma yake alitangaziwa baraa: watu walijitenga naye mpaka atubie mbele ya hadhara. Ufaransa ilipolitwaa bonde hilo mwaka 1882, makadhi wa Kiibadhi waliendelea kuamua mambo ya ndoa na mirathi chini ya bendera isiyokuwa yao. Haya hayasemwi ili kuusifu ukoloni. Yanasemwa kwa sababu yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya Sheria hutembea kwa miguu ya wenyewe walioiamini.

Ikiwa hivyo ndivyo, kinachotakiwa kwa dola isiyokuwa ya dini ni kidogo kuliko wanavyodhani wanaoiogopa Sheria, na pia kidogo kuliko wanavyodai baadhi ya wanaoitetea. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, inazipa mahakama za kadhi madaraka juu ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kuhukumiwa na kadhi. Sharti hili la kukubali ni fupi kwa maneno, lakini ndilo linalobeba mzigo wote. Aidha, si jambo geni kwa watu wa Ghuba, maana Oman, katika sheria yake ya mambo ya familia ya mwaka 1997, iliwaachia wasiokuwa Waislamu wafuate hukumu zao, na Abu Dhabi mwaka 2021 iliwawekea sheria na mahakama yao. Anayeona hilo ni uadilifu hapa, hana budi kuona kuwa ni uadilifu pia Waislamu wakitendewa kwengine.

Kukubali huko kukiondolewa, mambo huharibika, hata kama hukumu yenyewe ni sahihi. Huko Thrace ya Ugiriki, kwa sababu ya mikataba iliyofungwa baada ya vita na Waturuki, Waislamu walihukumiwa mirathi yao kwa Sheria, watake wasitake. Mtu mmoja wa Komotini aliandika wasia mbele ya mthibitishaji wa serikali, akimwachia mkewe mali yake yote, kisha akafa mwaka 2008. Hawakuwa na mtoto. Dada zake walishitaki, na mahakama za Ugiriki zikaamua kwamba wasia ule haukuwa na nguvu, kwa hiyo mjane akapoteza robo tatu ya kile alichoachiwa. Tarehe 19 Disemba 2018 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ilihukumu kwamba mjane alibaguliwa. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Ugiriki ilikuwa imekwisha kuibadili sheria yake, ikamwachia kila mtu hiari.

Hapa mwanafikihi huona tabu. Kwa mujibu wa fikihi, dada wale walikuwa na haki: mke asiye na mtoto hupata robo, na mrithi hausiwi isipokuwa warithi wenziwe waridhie. Marehemu angetaka kumnufaisha mkewe, njia ya hiba ilikuwa wazi maisha yake yote. Hata hivyo, kukosea mbele ya Mola ni jambo moja, na kulazimishwa na serikali isiyoiamini hukumu hiyo ni jambo jengine. Serikali ya Ugiriki haikuisimamisha Sheria kwa kuitukuza. Iliisimamisha kwa kuwahesabu watu kwa kabila la dini waliyozaliwa nayo. Dhamiri ya mtu yule ilikuwa na Mwenye kuihesabu.

Upande wa pili wa khatari umeonekana London. Mwaka 1998, katika mkahawa wa mtaa wa Southall, ilifungwa nikaha na imamu mbele ya mashahidi na wageni wengi. Ndoa ya serikali ilikusudiwa ifuate, na mke aliikumbusha mara kwa mara, lakini haikufungwa kamwe. Walizaa watoto wanne, na kwa miaka kadhaa waliishi Dubai wakijulikana kuwa ni mke na mume. Mke alipokwenda mahakamani mwaka 2016, mume alijitetea kwamba, kwa sheria ya Uingereza, hapakuwa na ndoa. Mwaka 2018 jaji alimwonea mke huruma, akasema ilikuwapo ndoa, ila ni batili, na kwa hivyo mke ana njia ya kudai. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema haikuwapo hata ndoa batili.

Huyu mume hakunyimwa Sheria na Waingereza. Aliiacha mwenyewe pale ilipomdai, akajificha nyuma ya sheria ya nchi. Nikaha ile ilikuwa imemfunga shingoni kwa mahari, nafaka na ukaaji mwema, na hapana kadhi wa madhehebu yoyote ambaye angemsikiliza akisema kwamba hakuoa. Kweli, alichokidai mke, yaani mgawanyo wa mali kwa kanuni za Kiingereza, si kile ambacho kadhi angempa, kwani katika Uislamu mali ya mke ni yake na ya mume ni yake. Tofauti hiyo hujadiliwa kabla ya akdi, ikaandikwa, ikatiwa saini. Qur'ani imeamrisha deni liandikwe, na mahari inayoakhirishwa ni deni.

Wala kuandikisha ndoa serikalini hakuongezi nguzo juu ya nguzo za nikaha wala hakupunguzi. Walii, mashahidi, mahari na ridhaa ya mke hubaki pale pale. Katika Uingereza, sheria ya ndoa ya mwaka 1949 inaruhusu msikiti kuandikishwa uwe mahali pa kufungia ndoa, na ukishaandikishwa, ndoa zote mbili huweza kufungwa katika kikao kimoja. Misikiti mingi haijafanya hivyo. Walii anayepigiwa simu kutoka London ili atoe idhini yake ana haki ya kuuliza, kabla hajajibu, msikiti huo umeandikishwa au la, na kama la, siku gani wataanza kwenda kwa msajili.